Waya wa Maiki

Dada mtu aliingia karakana asubuhi ameukumbatia mkono wake wa kushoto. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na vidole viwili vimekuwa vyeusi.

"Mume wangu kanibana na mlango wa friji," alisema. "Makusudi, kaka. Kanishika mkono, kauweka pale, kafunga. Nikapiga kelele, akafunga tena."

Kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mawimbi, aliacha alichokuwa anafanya. Damu ilimchemka. "Leo hurudi kule. Na akithubutu kuja hapa atanitambua!"

Alimaanisha kila neno. Lakini huyo shemeji yake hakuwa mtu wa kutishwa. Alikuwa na duka la dawa, mpole wa sura, sauti ya chini, anakusalimia mpaka unaona haya. Ungemwambia mtu kwamba huyu hupiga mke, angekucheka.

Nyuma ya Mawimbi, mtambo ulikuwa unanguruma. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mitambo ya sauti: visanduku vya chuma vilivyopangwa kwenye fremu, kimoja kinatoa mlio, kingine kinauchuja, kingine kinaupandisha na kuushusha. Havisemi kitu mpaka uviunganishe kwa nyaya fupi, nyaya juu ya nyaya, mpaka mbele ya mtambo paonekane kama kichwa cha mtu aliyeamka sasa hivi. Na mtambo wenyewe hauna kumbukumbu. Ukishachomoa nyaya na kuzungusha vitufe, sauti ile imekwenda, hairudi vilevile hata ulie machozi ya damu. Siku hiyo mchana watu wa filamu walikuwa wanakuja kurekodi sauti aliyoihangaikia mwezi mzima, sauti ya dubwana linalopumua. Ili lipumue kweli, alikuwa amefunga maiki ndani ya kijichumba cha kurekodia na kuuleta waya wake kwenye mtambo. Akiingia mle akavuta pumzi, dubwana linavuta. Akiitoa, linaitoa.

Gari lilisimama nje. Dada mtu alilijua kwa mlio wa breki zake: lilikuwa la mumewe.

"Ingia humu, haraka!" Mawimbi alimsukuma ndani ya kijichumba kile. Mlango wake ulibandikwa sponji ileile ya ukutani, mgeni asingejua kuna mlango. "Kaa chini. Usikohoe."

Akafunga. Palibaki tundu moja tu, la kupitishia waya.

Shemeji mtu hakubisha hodi. Aliingia, akafunga mlango wa nje kwa komeo, akatabasamu. "Shemeji yangu, habari za kazi? Nimekuja kumchukua mwenzangu."

"Hayupo."

Ngumi ilimfika tumboni kabla hajafunga mdomo. Ya pili ilimpata puani, akasikia kitu kimekatika ndani. Alianguka akigonga meza, akaona nyota mchana kweupe. Shemeji mtu akamkanyaga kifundo cha mguu, taratibu, kama anayezima kipande cha sigara.

"Nauliza tena. Yuko wapi?"

"Niue," Mawimbi alisema, damu ikimtiririka kidevuni. "Sisemi."

Na kweli asingesema. Kwa kupigwa, hata angevunjwa mbavu zote, alikuwa amekata shauri. Shida ni kwamba yule bwana, akitafuta pumzi ya kipigo kingine, aliegemea mtambo. Kiwiko chake kikagusa nyaya, na mngurumo ukayumba.

"Usiguse hiyo!"

Loo, mdomo! Neno lilimtoka kabla hajafikiri. Shemeji mtu akamgeukia, kisha akautazama mtambo, na uso wake ukachangamka. Alikuwa amepata pa kushika.

Akachomoa waya wa kwanza. Dubwana likapoteza mlio wake wa juu.

"Yuko wapi?"

Akachomoa mwingine, akautupa usoni kwa Mawimbi. Kila waya uliotoka, kitu kilikufa ndani ya ile sauti, na Mawimbi alikisikia kikifa. Alijiburuta kwa magoti mpaka kwenye fremu, akasimama kwa kuishikilia, akapigwa kofi la mgongo wa mkono, jino likatoka. Akasimama tena.

Ndipo aliposikia. Dubwana lilikuwa linapumua. Linapumua haraka haraka, kwa mikato, kama mtu mwenye hofu. Maiki! Alimficha dada yake mbele ya maiki iliyo wazi. Fundi gani hufanya hivyo? Fundi aliyezoea kuingia mle mwenyewe kila siku mpaka haoni tena maiki ilipo.

Bado ile pumzi ilikuwa imezikwa chini ya mingurumo mingine, na shemeji mtu hakuijua. Lakini kila waya uliochomolewa uliifukua. Njia ilikuwa moja, kuuchomoa waya wa maiki wenyewe. Ulikuwa hapo hapo, mnene, chini ya kiganja chake. Ungetoka, dada mtu angekuwa salama. Na dubwana lingekufa kabisa, maana ule ndio uliokuwa moyo wake. Nyaya nyingine alikuwa anazihesabu kichwani, akijiambia huu nitaurudisha, na ule nitaurudisha. Lakini huu wa maiki, vipimo vyake alivipata kwa bahati, siku moja, na asingevipata tena.

Mkono ulikuwa juu ya waya. Ataacha tu, alijiambia. Atachoka, ataondoka. Na mkono ukabaki pale.

Shemeji mtu akachomoa waya wa kichujio.

Spika zote zikatoa pumzi ya mwanamke, tupu, kubwa, ikijaa karakana, na ndani yake mguno mdogo wa mtu anayeuguza vidole.

"Aa," alisema shemeji mtu.

Akaufuata waya kwa kidole, kutoka kwenye mtambo mpaka ukutani. Akaing'oa sponji kwa kucha, akaupiga mlango teke, akamtoa mkewe kwa nywele. Alimgonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Akamgonga tena. Kisha akaushika ule mkono uliovimba, akauzungusha, na mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Mama yangu, kilio kile!

Mawimbi alishika kilichokuwa karibu, transfoma ya akiba, chuma kizito kama tofali. Akampiga nayo shemeji yake shavuni, taya likahama. Akampiga mara nyingine alipopiga magoti, na nyingine alipolala, mpaka damu ikaruka kwenye visanduku na mkono ukafa ganzi. Kisha akang'oa nyaya zote zilizosalia, kwa mafungu, akamfunga yule bwana mikono na miguu. Alikuwa bado anakoroma.

Karakana ikawa kimya. Jirani yao mshonaji, mama mwenye kifua kipana, alikuwa amesikia kilio, akausukuma mlango mpaka komeo likang'oka.

"Imekwisha," Mawimbi alimwambia dada yake, akilia, akimwonyesha mtambo mtupu. "Nimezing'oa nyaya zote. Unaona? Zote, kwa ajili yako."

Dada mtu alikuwa ameketi sakafuni, mkono umening'inia. Alimtazama kwa lile jicho moja.

"Nilikuwa nachungulia kwenye tundu," alisema. "Mimi sikujua ule waya ni wa nini, mpaka niliposikia pumzi yangu huku nje. Wewe ulijua. Mkono wako ulikuwa juu yake muda wote."

Mawimbi aliinama amsaidie kuinuka, lakini dada yake alijivuta nyuma, akampa mshonaji mkono wake mzima.

"Nipeleke wewe, mama," alisema. "Huyu abaki na kazi yake."