Fulana Aliyoivaa Grappa

Remo alimleta Zara saa tatu asubuhi ndani ya gunia la chakula cha kuku, akamlaza juu ya meza ninayofanyia majaribio. Alilipasua gunia kwa kisu kutoka juu hadi chini. Zara alikuwa mbwa wake, jike mwekundu wa miaka minne. Tumbo lake lilikuwa limefunguliwa hadi kinena, na utumbo ulikuwa umerudishwa ndani kwa mkono na kufungwa kwa shati. Fulana ya kinga ilikuwa bado mwilini, na haikuwa na tundu hata moja. Ilikuwa imezunguka, sehemu ya kifua ikawa mgongoni.

Remo Bressan ni mdogo wa mume wangu. Anaendesha mashine ya kuvunia miwa, na siku ambazo havuni huwinda nguruwe mwitu pamoja nami, kwa sababu mume wangu yuko mgodini wiki mbili katika kila tatu. Alinawa mikono kwenye bomba la banda, akajipangusa kwenye suruali.

"Shemeji," alisema, "hii ndiyo namba moja yako."

Kazi yangu ni kupima sukari ya miwa katika maabara ya kiwanda hapa Tully. Tovuti ni kazi ya pembeni. Naandika kuhusu vifaa vya mbwa wa mawindo: fulana, mikanda ya shingo, vizimba vya pikapu. Chini ya kila kifaa naweka kiungo. Msomaji akikibonyeza na kununua, muuzaji hunikatia asilimia fulani. Kwenye kila ukurasa nimeandika kwamba baadhi ya viungo vinanilipa. Sheria inataka hivyo, na ni kweli. Sikuandika ni viungo gani.

Watu husoma tovuti yangu kwa sababu napima. Nimefunga taya la dume la nguruwe mwitu kwenye mwisho wa chuma cha kilo kumi na mbili, jino likitazama mbele, na chuma kinaning'inia kwenye boriti ya banda. Mzoga wa nguruwe unavalishwa fulana. Navuta chuma hadi kimo cha mita moja na nusu, naachia. Mlio wake ni wa shoka kwenye nyama. Mapigo manne, sehemu nne, kisha navua fulana na kupima kina cha kila jeraha. Wengine wanaoandika habari hizi wanaipiga picha fulana ikiwa kwenye kiti.

Kwa miaka miwili fulana ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya Ivy Kratzmann, mama wa Mareeba anayeshona kwa turubai na vipande vya mkanda wa mashine za mgodini. Jino lilipita kwake milimita moja. Ivy hana mpango wa viungo. Ana simu ya mezani. Mwezi wa tano kampuni moja ya mjini iliniandikia kwamba itanipa asilimia kumi na tano kwa kila fulana yake. Niliipima. Jino lilipita milimita mbili. Ilikuwa nyepesi kuliko ya Ivy kwa gramu mia nne. Wiki hiyohiyo niliongeza safu mpya kwenye jedwali, safu ya uzito, na fulana ya kampuni ikapanda juu. Kila namba niliyoiandika ilikuwa sahihi.

Remo aliniuliza kama kweli nilikuwa nimeipima. Nilimwonyesha daftari. Alisoma mapigo yote manne, kidole kikifuata mstari, kikiacha kwenye karatasi damu iliyobaki ukuchani. Kisha akauliza kama niliipima ikiwa imelowa.

Katika mji huu wa mvua watu huenda benki na viatu vya mpira. Fulana zote nilikuwa nimezipima kavu, kwa sababu banda langu lina paa.

"Hapana," nilisema.

Akanieleza ilivyokuwa. Dume lilikuwa kwenye kijito alfajiri, Zara akalishika sikio ndani ya maji ya kumfika kifuani. Mikanda ya fulana ililegea kana kwamba imetengenezwa kwa tambi. Nguruwe alipojitikisa mara ya kwanza, fulana ilizunguka. Mara ya pili alimpasua. Sasa dume lilikuwa limeingia kwenye kipande cha mwisho cha miwa ambayo haijavunwa, pale kijitoni, na mashine ingerudi saa nane kukikata. Kabla ya saa nane Remo alitaka kurudi huko. Alitaka nije na Grappa, mbwa wangu, na Grappa avae fulana ile.

"Wewe ndiye mtaalamu," alisema. "Njoo upime vizuri."

Nilikubali. Ningeweza kumwambia kwamba wiki tatu nyuma mwindaji mmoja wa Innisfail aliniandikia kuwa fulana hiyo ilimzungukia mbwa wake kwenye mvua. Nilimjibu kwamba nitapima tena msimu ukiisha. Sikumwambia Remo. Alimvua Zara fulana, akaiosha kwa mpira wa maji, akaichovya kwenye pipa na kuiacha humo. Mimi nilikwenda kumfungulia Grappa.

Nilichofanya baadaye kilikuwa ni mazoea ya mikono. Kwa miaka miwili, kabla mbwa huyo hajapanda pikapu, namvalisha. Fulana imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa kizimba chake. Nilimvalisha, nikafunga vifungo vitatu, akaruka nyuma ya gari. Remo aliweka ndoo yenye fulana ya Zara kwenye miguu yake, na Turco, mbwa wake mzee ambaye kazi yake ni kubweka tu, akapanda pamoja na Grappa.

Tulisimama kwenye ncha ya kipande cha miwa. Kilikuwa na upana wa mita arobaini tu, pande zote zimevunwa, kijito upande mmoja. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha. Remo alifungua mlango wa nyuma wa pikapu, akamtazama Grappa, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wa turubai.

"Hii ya nani?"

"Ya Ivy."

"Ameanza kuivaa leo?"

"Siku zote."

"Na kwenye ukurasa wako iko ya ngapi?"

"Ya pili."

Hakunipiga, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Alichomoa kisu na kukata mikanda mitatu ya fulana ya Ivy, mmoja baada ya mwingine. Fulana ilianguka kwenye matope. Akaipiga kwa buti, ikaruka mtaroni.

"Namba mbili kwa mbwa wako, namba moja kwa mbwa wetu," alisema. "Haya, shemeji. Mvalishe mwenyewe."

Nilikuwa na njia mbili. Nikikataa, ningekuwa nimesema kwa mdomo kile ambacho ukurasa haukusema, na Grappa angerudi nyumbani mzima. Nikikubali, mbwa huyu wa kilo thelathini na nne, ambaye nilimlisha kwa chupa, angeingia kwa mnyama aliyeua saa nne zilizopita. Ilikuwapo pia sababu nyingine, na naiandika kwa kuwa ndiyo iliyoshinda: nilitaka kujua. Niliichukua fulana kutoka kwenye ndoo. Nilikaza mikanda hadi tundu la mwisho, nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Haikusogea. Nilijiambia kwamba labda Remo hakuifunga sawasawa.

Turco alimpata nguruwe upesi. Kubweka kwake kulitoka upande wa kijito, kukakaa mahali pamoja. Nilimwachia Grappa, akapotea kati ya miwa bila sauti, kama alivyozoea. Kisha nguruwe alipiga ukelele na miwa ikaanza kuvunjika.

Tulikimbia. Majani ya miwa yalinichana uso. Walikuwa wametumbukia ukingoni mwa maji, nguruwe mweusi wa kilo mia na ushee, mabega yamefunikwa na ngozi ngumu ya matope, Grappa ameng'ang'ania sikio la kushoto. Grappa ni mbwa anayejua kazi: hubana mwili wake ubavuni mwa nguruwe, mahali ambapo jino halimfikii. Dume lilimtikisa. Nikaona ukingo wa fulana ukipanda bega. Likamtikisa tena, likampeleka majini, na fulana ikazunguka mpaka tumbo lake jeupe likabaki wazi upande wa jino.

Nilikuwa umbali wa hatua kumi. Utaratibu ni kusubiri mwenzako azunguke nyuma, ashike miguu, amwangushe nguruwe, ndipo mwenye kisu aingie. Sikusubiri. Jino lilimpiga Grappa mara moja, na sauti niliitambua, kwa sababu nimeisikia mamia ya mara kwenye banda langu. Hakuachia sikio. Niliingia kati yao kwa goti. Dume liliinua kichwa na jino likaingia kwenye paja langu la kulia, likapanda. Sikuhisi maumivu. Nilisikia suruali ikichanika, kisha joto likashuka hadi ndani ya buti.

Remo alikuwa amekwisha kushika miguu ya nyuma. Alimbinua nguruwe kwa kiuno chake chote, akaangukia naye kwenye matope, akaniambia nichome. Pigo la kwanza lilikwama kwenye ubavu. Nilikichomoa kisu, nikakipeleka nyuma ya mguu wa mbele hadi kwenye mpini, nikakizungusha. Dume lilipiga kelele kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nililala juu yake hadi liliponyamaza, na Grappa bado alikuwa na sikio mdomoni. Ilibidi Remo ampanue taya kwa mti.

Alimlaza Grappa kwenye majani akanyoosha mkono kufungua vifungo.

"Usiivue," nilisema. "Pima kwanza."

"Nini?"

"Imesogea kiasi gani. Kutoka katikati ya kifua hadi mshono wa katikati. Pima."

Alinitazama, kisha akatazama damu iliyokuwa ikitoka pajani mwangu.

"Wewe una kichaa, shemeji," alisema, lakini alipima kwa kisu chake. Ilikuwa kisu kimoja na vidole viwili. Bapa la kisu kile lina sentimita kumi na sita.

Alinifunga paja kwa mkanda wake. Tumbo la Grappa lilikuwa limefunguka ngozi na nyama, lakini utando wa ndani haukupasuka. Remo alimshona palepale kwa stepla ya ngozi, pini kumi na saba, nami nimemshika kichwa. Mbwa aliniuma mkono, nami nikamwacha aume. Kule kwenye pikapu Remo alitaka kunipeleka hospitali kwanza. Nilimwambia Grappa kwanza, kwa daktari wa mifugo, kwa sababu yeye hana mkanda wa kufungwa. Tulibishana juu ya hilo njia nzima. Ndicho kitu pekee tulichozungumza.

Hospitalini walinishona nyuzi ishirini na mbili. Jino lilipita sentimita tano, na daktari akasema mshipa mkubwa ulikuwa umbali wa kidole. Nilimwomba aniandikie vipimo.

Siku ya tatu niliweza kukaa mezani. Niliishusha fulana ya kampuni hadi mwisho wa orodha, nikaandika kwamba ikilowa huzunguka sentimita ishirini, nikaweka picha ya paja langu na ya tumbo la Grappa, nikaandika kwamba Zara, jike wa Remo Bressan, alikufa akiwa ameivaa. Niliweka na barua ya mwindaji wa Innisfail, pamoja na tarehe ambayo niliipokea. Kisha nikamwita Remo aje kusoma kabla sijauchapisha ukurasa.

Alisoma akiwa amesimama, mikono mifukoni. Alipofika mwisho, alirudi juu akasoma tena.

"Kimepungua kitu," alisema.

Nilimuuliza nini, ingawa nilijua.

"Andika Grappa alikuwa akivaa nini."

Nilimweleza kwamba vipimo vyote vimo, kwamba msomaji ana kila anachohitaji ili asinunue fulana ile, kwamba sentensi hiyo haiongezi taarifa yoyote kuhusu kifaa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba yeye hakuwahi kusoma milimita zangu. Alikuwa akisoma namba moja, basi, kwa sababu alidhani mimi pia ninanunua namba moja.

Niliiandika sentensi hiyo juu kabisa, kabla ya jedwali: Miezi yote ambayo niliwaambia mnunue fulana hii kwa sababu ilikuwa ikinilipa, mbwa wangu alikuwa akivaa ile ya pili. Remo aliisoma, akabonyeza mwenyewe kitufe cha kuchapisha, akaenda zake bila kuaga.

Kampuni ilikifunga kiungo changu siku ileile. Wasomaji waliandika mengi, na kwa wiki mbili nilisoma yote. Wengi walitumia maneno ambayo Remo hakuyatumia, na nusu yao hawakurudi. Ivy Kratzmann alinipigia kwa simu yake ya mezani. Nilidhani anataka kushukuru. Alikuwa na hasira: alikuwa amepokea oda za mwaka mzima kwa siku nne, ana mikono miwili, na mmoja una baridi yabisi. Aliniuliza nani alinituma.

Grappa anatembea, ingawa haingii tena bandani. Akisikia chuma kinainuliwa hukimbilia chini ya nyumba. Mwezi wa kumi Remo alirudi, na gunia mkononi, na kwa sekunde moja sikutaka lifunguliwe. Ndani lilikuwamo taya la dume lile, limechemshwa na kusafishwa. Jino la kushoto lina milimita sitini na nane nje ya fizi. Alichukua spana, akalitoa taya la zamani kwenye chuma changu, akafunga hilo, akalijaribu kwa kidole kama limekaza.

Kisha akachukua ndoo, akaijaza bombani, akaimwagia fulana iliyokuwa mezani ikingoja kupimwa. Akajaza ndoo ya pili.