Njia Nyekundu ya Machimboni

Mwisho wa daraja la mawe, mji unapoachia vilima, kuna ubao wenye mishale miwili. Mshale wa bluu unafuata mto, unazunguka ukuta wa kale na kupanda taratibu hadi mnara wa walinzi. Mwekundu unakwea mgongo wa kilima moja kwa moja, unapita ukingoni mwa machimbo ya zamani yalikotoka mawe ya kuujengea mji, na unafika mnara uleule, ila utafika umechunika magoti.

Mishale hiyo aliichora Kwato kwa mkono wake. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa ofisi ya utalii, kwa jinsi alivyoyaparamia majabali kama mbuzi. Asubuhi ile alisimama mbele ya ubao, begi mgongoni, akatazama juu. Wingu lilikuwa limekikalia kilima kichwani, zito, rangi ya masizi. Alijua maana yake.

"Tunapita wapi, shemeji?" aliuliza fundi saa.

Huyu alikuwa mume wa marehemu dada yake. Dada aliupenda mno ule mnara, na sasa fundi saa alitaka mchumba wake mpya auone kabla hawajafunga ndoa. Alipomwomba Kwato awaongoze, Kwato alikubali kwa shingo upande. Mchumba mwenyewe, fundi cherehani mnene kidogo, mpole, alikuja na viatu vya soli bapa vya kuendea sokoni.

Mwongozaji yeyote angemwambia kwamba viatu vile ni vya njia ya bluu. Lakini jana yake jioni Kwato alikuwa ameongea kwa simu na mtoto wa dada yake, na mtoto akasema kwa furaha, "Mama amenishonea gauni." Kwato alitaka kuuliza mama yupi, badala yake akaaga na kukata simu. Hakulala vizuri.

"Nyekundu," alisema. "Huko ndiko mji unaonekana wote."

Walipanda. Njia ilikuwa ya mawe yaliyolegea, na Kwato alikaza mwendo kuliko anavyofanya hata na vijana. Nyuma yake alisikia pumzi za yule mwanamke, nzito, za kukatika. Aliposimama kumnyooshea mkono penye jabali, mwenzake alitikisa kichwa.

"Nitafika tu, dada. Tangulia."

"Shemeji," fundi saa alitania huku akijifuta jasho, "kama nia yako ni kutupeleka mbinguni, si ungetuacha tufe kwanza?"

Kwato hakucheka. Yule mwanamke alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeishiwa pumzi, na hilo likamuudhi Kwato zaidi. Alikuwa amengoja alalamike, agome, aombe kurudi. Hakuomba.

Mvua iliwakuta karibu na machimbo. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika. Ukungu ukateremka nyuma yake, na alama nyekundu kwenye miamba zikawa zinaonekana mojamoja. Hapo njia ni nyembamba, kilima mkono mmoja, shimo mkono wa pili. Kwato alihisi udongo ukicheza chini ya buti.

"Kaeni upande wa kilima!" alipiga kelele. "Wote, upande wa ndani!"

Fundi saa alimsukuma mchumba wake upande wa ndani na yeye akapita wa nje. Hatua moja tu. Ukingo ulimeguka bila mlio, kama mkate uliolowa, akatoweka.

Yule mwanamke aliita jina lake mara moja, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kwato alilala kifudifudi, akachungulia. Fundi saa alikuwa ameangukia kwenye kibaraza cha mwamba, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Chini yake hapakuwa na kitu ila ukungu, na chini ya ukungu lile bwawa la machimbo.

"Usijitikise!" Kwato alimwambia. "Unanisikia? Usijitikise hata kidogo!"

"Jiwe hili... linateleza," sauti ilijibu. "Nateleza, shemeji."

Kamba ilikuwemo begini. Simu nayo ilikuwemo, ila mtandao haukuwepo, na haujawahi kuwepo upande ule. Kulikuwa na mti mmoja imara nyuma ya njia. Kwato aliizungusha kamba kwenye shina, akajifunga kiunoni, kisha akabaki ameshika ule upande wa pili usio na mtu. Mtu wa kuushika alikuwa mmoja tu.

Walitazamana, maji yakiwachuruzika usoni.

"Umewahi kushika kamba?"

"Sijawahi. Nionyeshe."

Kwato alimwonyesha: kalia matako, kanyaga ule mzizi, achia kidogokidogo, nikisema kaza unaivutia kifuani na huiachii hata mikono ikiungua. Mwanamke huyu akiachia, ndio mwisho. Na kama kuna mtu mwenye sababu ya kuniachia, aliwaza, ndiye huyu.

"Shuka," alisema fundi cherehani. "Nimekushika."

Kwato alishuka. Mara moja kamba ilikimbia, akaporomoka na kujigonga bega, akapiga yowe, "Kaza!" Ikakaza. Juu yake alisikia mtu akiguna kwa maumivu, lakini kamba haikusogea tena.

Alifika kibarazani, akamfunga fundi saa kifuani kwa kamba ileile, na upande wa juu ukafungwa kwenye mti, fundo baada ya fundo, kwa maelekezo ya kupigiana kelele. Kumpandisha, wao wawili wasingeweza. Ilibidi mtu aende mjini, na Kwato hakuwa tena na kamba ya kupandia.

"Fuata alama nyekundu!" Kwato alisema. "Ukifika penye mawe makubwa yaliyokaribiana, pita kulia. Kushoto kuna korongo. Umesikia? Kulia!"

"Kulia," sauti ilijibu. Kisha hatua zake zikasikika zikiondoka.

Walikaa wamebanana na mwamba. Fundi saa alitetemeka, midomo imekuwa ya kijivu. Kwato alimvisha koti lake, akamlazimisha aongee asije akalala. Kila vijiwe vilipoporomoka kutoka pembeni mwa kibaraza, wote wawili walitega masikio, wakingoja sauti ya maji huko chini.

"Wingu uliliona," fundi saa alisema mwishowe. Halikuwa swali.

"Nililiona."

"Na bado ukatuleta huku."

"Nilitaka ashindwe," Kwato alisema. Kusema uongo mahali pale kulimshinda. "Nilitaka umwone ameshindwa."

Fundi saa alifumba macho. Ingekuwa nafuu angemtukana. Kwato alibaki na picha moja kichwani: viatu vya soli bapa kwenye mawe yaliyolowa, na yale mawe makubwa ndani ya ukungu. Akikosea njia, nitamwambia nini yule mtoto? Mama wa kwanza alichukuliwa na maradhi. Huyu atakuwa amechukuliwa na mimi.

Mvua ilikatika. Ukungu haukukatika. Kwato aliita hadi sauti ikakauka, na kilima kikamrudishia sauti yake mwenyewe.

Kisha, kwa mbali, filimbi. Halafu sauti za wanaume, na juu ya sauti zao ya mwanamke mmoja ikiwafokea: "Upande wa ndani! Nimesema kaeni upande wa ndani!"

Alikuja mbele ya waokoaji, miguu mitupu, viganja vimefungwa vitambaa vilivyolowa damu. Hakuondoka pale ukingoni mpaka machela ilipopanda.

Mguu wa fundi saa ulipona, ila haukunyooka sawasawa. Leo anatembelea fimbo. Kwato alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa ofisi, akaeleza yote, akasimamishwa kuongoza watu kwa msimu mzima. Fundi saa hakusema naye kwa muda mrefu. Harusi ilipita, Kwato akaketi viti vya nyuma, akaondoka kabla ya picha.

Siku moja, akiwa uani kwa ofisi anachanganya rangi, alisikia mtu akikohoa. Fundi cherehani alisimama mlangoni, makovu bado mekundu viganjani. Hakusalimia kwa maneno mengi.

"Mume wangu aliniambia mlichozungumza kule chini."

Kwato aliweka brashi. "Nilitaka kuja kwako. Nikawa sina uso wa kujia."

"Nilikasirika sana. Bado nimekasirika." Alivuta pumzi. "Lakini ile kamba ilipokimbia, nilidhani nimekuua. Hilo bado naliota usiku. Nataka unifundishe kushika kamba vizuri."

Kwato alijifuta rangi mikononi. Akaingia ndani, akatoka na kamba, akaifunga kwenye nguzo ya ua.

"Kaa chini," alisema. "Kwanza glavu."