Gesti Isiyo na Maiti

Wageni husahau vitu. Wengine husahau taulo, wengine meno ya bandia, na wengi, Mungu awasamehe, husahau riwaya chini ya mto. Mama Shuka, mwenye gesti ya kando ya barabara kuu, alikuwa na rafu nzima ya riwaya hizo pale mapokezi, na zote alikuwa amezisoma, tena kwa hasira. Hakuna hata moja iliyompeleka mtu gesti kwa nia njema. Ukiona mhusika anakabidhiwa ufunguo, ujue ama ametoroka na mke wa mtu, ama ana pesa za wizi begini, ama ukigeuza ukurasa utamkuta bafuni kalala chali, ulimi nje.

"Hivi hawa waandishi hawajawahi kulala tu?" alikuwa akimuuliza dobi wake. "Mtu afike, aoge, alale, asubuhi anywe chai aende zake?"

"Nani atanunua kitabu cha mtu aliyelala, mama?" dobi humjibu, huku akikamua shuka.

Jina lenyewe alilipata kwa sababu ya shuka hizo. Kila asubuhi zilianikwa uwanja wa mbele, nyeupe pepepe, ili dereva aliye mbali azione ajue hapa pana usafi. Wenzake hutundika mabango. Yeye alitundika shuka. Lakini siku hizi upande wa pili wa barabara palikuwa pamefunguliwa gesti mpya yenye taa za rangi, na wateja wake walikuwa wameanza kupachungulia.

Kwa hiyo shemeji yake, mume wa mdogo wake, alipomletea mchoraji, alimpokea kama mkombozi. Shemeji ndiye msimamizi wa kituo cha mabasi, na alitaka picha kubwa ya gesti ukutani kwenye ukumbi wa abiria, pale pale ambapo kila anayeshuka hukaa akijiuliza alale wapi. Picha hiyo ingemwokoa Mama Shuka au ingemzika, na yeye alilijua hilo vizuri.

Mchoraji alikuwa bwana mrefu, mpole, shati limetapakaa rangi, uso wa mtu aliyetoka msibani. Akasimamisha fremu yake uwanjani na kuanza kuomba. Kwanza aliomba shuka zianuliwe. Kisha lori la mboga lisogezwe. Kisha madereva waliokuwa wakicheza karata barazani waingie ndani.

"Na yule kuku pia, mama, samahani."

Kuku naye akaondolewa. Mama Shuka alivumilia mpaka uvumilivu ukamshinda, akaenda kuchungulia begani kwa mchoraji. Gesti ilikuwa yake, hilo halikuwa na ubishi: mabati yale yale, milango ya kijani, hata ufa ulio juu ya mapokezi. Ila hapakuwa na kiumbe hai. Mbingu ya kijivu, uwanja mtupu, na dirisha la chumba cha mwisho likiwaka taa ya manjano, nyuma yake kivuli cha mtu.

"Watu wangu wako wapi?"

"Gesti ya barabarani ni upweke, mama. Mtu yuko mbali na kwao, barabara inampita. Wachoraji wote huichora hivyo."

"Na huyo mwenye taa anafanya nini?"

"Anafikiri."

"Anafikiri ampige nani shoka! Nawajua hao. Ninao rafu nzima."

Akamkimbilia shemeji. Shemeji akamwambia fundi haingiliwi kazini, hasa fundi wa sanaa. Mama Shuka akarudi gesti kwake. Jioni ile aliwakusanya dobi, mpishi na madereva wote jikoni.

"Anataka upweke," alisema. "Basi apewe, mpaka ashibe."

Asubuhi mchoraji alipoamka katika chumba alichopewa, chai haikuwepo. Mapokezi hapakuwa na mtu. Uwanjani hapakuwa na lori, shuka wala kuku. Mwanzoni alifurahi, akachora kwa bidii. Baadaye akakohoa. Akasimama. Akaenda mapokezi kupiga hodi, akarudi. "Jamani?" aliita, na barabara ikamjibu kwa vumbi. Mama Shuka, aliyekuwa akimchungulia kupitia pazia la stoo, alijiziba mdomo kwa foronya asije akaangua kicheko.

Mchana mchoraji alikaa kizingitini. Akatoa simu, akaitazama kwa muda mrefu, akairudisha mfukoni bila kumpigia mtu. Kicheko kikamwisha Mama Shuka. Alimwonea huruma, huruma ya kweli, maana sasa alimjua yule wa dirishani ni nani.

Kitunguu ndicho kilichoitoboa siri. Harufu yake ilizunguka nyumba, mchoraji akaifuata hadi ua wa nyuma, na huko akawakuta wote: madereva na karata zao, mpishi na sufuria, kuku chini ya meza, shuka zimetanda juu ya vichwa vyao.

"Hodi," alisema kwa sauti ndogo.

"Karibu. Ulitaka upweke, tukakupisha. Umetosha?"

"Umetosha, mama. Nimekinai."

Wakamsogezea kiti na sahani. Dobi akamuuliza habari za mama yake, dereva mmoja akamfundisha kuiba karata, na kabla chai haijaletwa alikuwa anacheka. Kesho yake akafuta mbingu ya kijivu. Akachora shuka, lori, karata, kichwa kwenye kila dirisha, kuku katikati, yeye mwenyewe barazani na sahani, na Mama Shuka amesimama kwenye mlango wa chumba cha mwisho, mikono imekumbatia shuka safi. Picha ilipotundikwa kituoni, Mama Shuka alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

Lakini wageni hawakuja. Wiki ikapita, wakazidi kupungua. Akaenda kituoni, akakaa kwenye benchi kama abiria. Mbele yake mama mmoja na mumewe waliitazama picha.

"Pazuri," yule mama alisema. "Ila pamejaa, hata kuku hana pa kugeukia. Twende pale penye taa za rangi."

Mchoraji akaitwa haraka.

"Mwanangu, nitolee mtu mmoja, mgeni apate nafasi."

"Nitajitoa mimi."

"Wewe hutoki. Ukitoka humo utarudi dirishani kwako." Akawapitia mmoja mmoja. Mpishi angesusa, madereva wangehama, kuku alikuwa ameshakuwa maarufu. "Nitoe mimi," alisema mwishowe.

Mchoraji akamfuta. Mahali pake akauacha mlango wazi, kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, na taa ya manjano, ile ile, inawaka. Jumamosi iliyofuata vyumba vyote vilijaa, na watu wakakigombea chumba cha mwisho.

Dobi ndiye pekee aliyesimama mbele ya picha akitikisa kichwa.

"Lakini mama, gesti imejaa watu, mwenye gesti haonekani. Watu si watauliza maiti yake imefichwa wapi?"

"Waache waje waitafute," alisema Mama Shuka. "Ila walale kwanza."