Msafiri Aliyekwisha Fika

Msafiri yule mdogo alianguka tena. Phanice Bosibori alikuwa ameusogeza uso karibu na kioo cha kompyuta hata pumzi zake zikaacha ukungu juu yake, na bado hakuuona ufa kwenye ubao wa daraja mpaka ubao ulipokwisha kukatika. Msafiri alizama mtoni na mkoba wake begani, muziki mfupi wa huzuni ukalia, na mchezo ukamrudisha ukingoni alikoanzia. Phanice alipangusa kioo kwa kiganja, akanyoosha mgongo, akaanza upya.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka wa tisini na saba, na chuo kilikuwa kimya. Kilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la mbolea na mbegu mjini Kericho, chenye kompyuta chache za mitumba kutoka Nakuru, safu ya taipureta za kale, na dirisha pana lililotazama mashamba ya chai, yaliyokatwa sawasawa kama vichwa vya wanafunzi siku ya kufungua shule. Phanice ndiye aliyekianzisha. Waliopita mikononi mwake walikuwa maofisini kuanzia Bomet hadi Londiani, na ungewatambua kwa namna walivyopiga chapa bila kutazama vidole. Juu ya ubao alikuwa amebandika karatasi ya manila yenye maandishi makubwa: Mchumia juani hulia kivulini. Wengine hubandika methali ili kupamba ukuta. Yeye aliiamini kama watu wanavyoamini Kanuni ya Imani.

Mchezo wenyewe ulikuja umejificha ndani ya mojawapo ya zile kompyuta za mitumba. Msafiri anapanda kando ya mto, nchi baada ya nchi, akitafuta chemchemi yake. Nchi ni saba, na chemchemi iko katika ya saba. Wanafunzi waliucheza saa za chakula. Phanice aliufungua kwanza ili ajue ni kitu gani kinachowaibia wakati, kisha akaucheza kwa sababu hakupenda kushindwa na kitu alichokianza. Kwa ukaidi wake alivuka msitu, akavuka jangwa, akafika nchi ya sita, penye daraja la mbao. Hapo ndipo macho yalipoanza kumsaliti.

Daktari hakumzungusha. Shinikizo la ndani ya macho lilikuwa limekwisha kuliua jicho moja, na la pili lilikuwa njiani. Kilichopotea hakingerudi, upasuaji ulikuwa wa kulinda kilichobaki, na hata hicho hakuwa na dhamana nacho. Siku ya upasuaji ilikuwa Jumatatu. Phanice alizipokea habari hizo kama alivyopokea kila jambo, kwa kupanga. Alimwachia Gichana, mwalimu msaidizi, funguo na ratiba. Akashona vifungo vilivyolegea. Akamwandikia dada yake kule Kisii. Kisha, mambo yote yalipokuwa mahali pake, aligundua kwamba lilibaki jambo moja lisilo na maana yoyote, nalo ndilo lililomnyima utulivu. Alitaka kuiona ile chemchemi.

Gichana alijitolea kumvusha. "Dakika kidogo tu, Madam. Unanipatia kiti, navuka, narudisha kiti."

"Ukinivushia wewe," alimjibu, "utakuwa umevuka wewe."

Sasa msafiri alikuwa amezama mara nyingine tena, na mlango ukabishwa.

"Hodi, Madam."

Siku hizi sura zilimfikia zimechelewa. Sauti ndizo zilizotangulia. Aliitambua hii kabla mwenyewe hajaingia, na mkono wake ukatulia juu ya kibodi. Alikuwa Janeffer, binti wa Kipkelion, aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wote wa darasa lake, na ambaye Phanice alimfukuza miaka miwili iliyopita kwa kunakili kazi ya mtihani kutoka disketi ya mwenzake.

"Karibu. Kaa."

Janeffer alikaa kwenye kigoda cha pembeni. Alikuwa amevaa sweta ya kijani, na mkononi alishika mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri.

"Nasikia uko kwa ofisi ya maziwa," Phanice alisema.

"Ndiyo, Madam. Ushirika walinunua kompyuta na hakukuwa na mtu anaijua."

"Walikuuliza cheti?"

"Waliniuliza kama naweza. Nikawaonyesha."

Phanice aliitikia kwa kichwa taratibu. Lilikuwa jibu ambalo yeye mwenyewe angelitoa.

"Gichana aliniambia hiyo macho inakusumbua," Janeffer aliendelea. "Akaniambia pia umekwama kwa daraja." Aliufungua mfuko, akatoa disketi nyeusi. "Nilitoka hapa na ile gemu. Nimekuwa nikiicheza kazini baada ya wakulima kuenda. Niliimaliza Krismasi. Safari yote iko hapa, mpaka mwisho."

Phanice alielewa mara moja. Mchezo ule uliihifadhi safari ya kila mchezaji katika faili moja ndogo. Ukiitoa faili moja na kuweka nyingine, umebadilisha safari. Angeamka hapo alipo, bila kuinua mguu, akiwa msafiri aliyekwisha fika.

"Ulicheza mwenyewe?" Swali lilimtoka kwa ukali aliouzoea, na alipolisikia masikioni mwake mwenyewe alitamani lingetoka na nguo nyingine.

Janeffer hakukasirika. "Mwenyewe, Madam. Ile nilinakili ilikuwa mtihani. Hii sikunakili."

"Na mtihani uliunakilia nini? Ulikuwa unaweza kuliko yule uliyemwibia."

Janeffer aliitazama disketi, akaigeuzageuza. "Mama alikuwa amelazwa. Nililala huko na yeye wiki tatu, chini ya kitanda. Niliporudi mtihani ilikuwa kesho yake."

"Siku ile ulinyamaza."

"Hukuuliza, Madam."

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu anayesoma kipimo cha maziwa na kutaja alichokiona, na labda ndiyo maana lilipenya. Phanice aliyageuza maneno hayo moyoni akitafuta mahali pa kuyapinga, asipate. Aliikumbuka asubuhi ile: jinsi alivyosimama mbele ya darasa, jinsi alivyoinyoosha disketi hewani ili wote waione, jinsi alivyojiona mwadilifu. Alikuwa na macho mazima wakati huo.

"Sikuuliza," alisema. Kisha akaongeza, "Mama aliendelea aje?"

"Alipona. Saa hii anachuma chai kunishinda." Janeffer alitabasamu; Phanice alilisikia tabasamu lile katika sauti.

Alijiinamia. Alijua kukataa zawadi. Alikuwa amekataa nyingi, na kila aliyoikataa ilimwongezea urefu kidogo. Kwa mazoea aliyainua macho hadi kwenye ile karatasi ya manila, ambayo sasa ilikuwa weupe tu ukutani. Hakuhitaji kuisoma. Mchumia juani hulia kivulini. Katika miaka yote ya kuifundisha hakuwahi kutambua kwamba methali hiyo haikusema mahali popote kuwa mchumaji lazima ale peke yake.

"Lete," alisema.

Aliitia disketi mwenyewe, akaisikia ikikaa mahali pake kwa mlio mdogo. Kisha akaweka vidole kwenye kibodi na kuandika amri ya kunakili, herufi kwa herufi, mgongo umenyooka, uso umeelekea dirishani. Hakukosea hata nukta. Kwa kazi hii hakuwa amewahi kuyahitaji macho, na Janeffer, aliyeufahamu mgongo ule, naye alijikuta ameketi wima.

"Nisomee imesema nini."

"Inauliza kama ifute ile ya zamani, iweke hii."

Ile ya zamani. Mwaka mzima wa saa za chakula: msitu, jangwa, kila mtego alioutegua kwa subira.

"Tunaweza kuiweka kando kwanza, Madam," Janeffer alisema upesi. "Kwa disketi ingine. Isipotee."

"Ya nini? Nilikotoka nakujua."

Akabonyeza. Mashine ilinguruma kidogo, ikanyamaza. Alipoufungua mchezo, hapakuwa na ukingo wala daraja. Palikuwa na mwinuko wa nyasi na mwanga mwingi, na msafiri amesimama katikati yake, mkoba begani, hana anayemfukuza.

"Songa mbele kidogo," Janeffer alisema. "Hapo kwa jiwe."

Phanice aliusogeza uso karibu na kioo, kwa jicho lile lililobaki, akatafuta. Chini ya jiwe la kijivu ulitoka uzi wa maji, mwembamba, unaong'aa. Mto wote ule uliomzamisha mara zisizo na idadi ulianzia pale.

"Ni kadogo hivi?"

"Ni kadogo, Madam. Hata mimi nilishangaa."

Phanice alicheka. Alicheka kutoka tumboni, kama alivyozoea kucheka na dada zake jikoni, na Janeffer, ambaye hakuwahi kumsikia akicheka, naye akacheka. Kisha msafiri akaanza kutembea. Alizunguka chemchemi, akapanda kilima, akarudi. Nchi zote zilikuwa wazi kwake sasa, na hakuna kilichomzuia kwenda polepole.

Nje mvua ya mchana iliteremka kutoka upande wa Mau, ikayafunika mashamba na kuanza kupiga mabati. Taa ya dari ilipepesa. Halafu kioo kikabaki na nukta moja nyeupe katikati, nayo ikazimika.

"Stima imepotea," Janeffer alisema, akiinuka. "Pole, Madam. Pengine itarudi."

"Stima ya Kericho, na mvua hii?" Phanice hakuondoa mikono kwenye kibodi. "Keti. Nilikuwa naelekea kule nyuma ya jiwe. Wewe ulipita huko?"

"Nilipita."

"Kuna nini?"

"Ngoja irudi utajionea."

"Niambie wewe." Phanice aliyafumba macho, akaegemea kiti. "Usiruke kitu."

Janeffer alikivuta kigoda karibu, mpaka magoti yao yakagusana.

"Ukipita jiwe," alianza, "kuna njia nyembamba, inashuka. Kwa mkono wa kushoto kuna nyasi. Nyasi mingi."

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani ziko nyingi, Janeffer."

Binti aligeuka, akaangalia nje kupitia kioo kilicholowa, akitafuta la kupimia. "Ni kama chai," alisema polepole. "Lakini si ile imekomaa. Ile inatoka wakati imekatwa mpaka chini, halafu mvua ya kwanza inanyesha."

"Hiyo naiona," Phanice alisema. "Endelea."

Na kidole chake, juu ya kibodi iliyokufa, kikabonyeza kitufe cha kwenda mbele.