Kiganja Kisichouma

Sisi wapika sukari wa Java tuna kipimo chetu: aliyeungua akilia, kaungua vibaya, akinyamaza, hana neno. Laiti ningekitupa kipimo hicho mapema!

Asubuhi ile karai liliteleza mafigani. Utomvu wa mnazi, umeshakuwa mzito na unatokota, ukamrukia shemeji yangu Wagiyo mkononi. Mume wangu Karsidi, mgema, akalidaka karai lisianguke, sukari ikamganda kiganjani.

Wagiyo alilia mpaka majirani wakaja. Mkono ulikuwa mwekundu, unatoka malengelenge.

"Nakufa, shemeji! Nakufa mie!"

"Hufi," Karsidi akamcheka. "Jitu zima na ndevu zako! Mimi nimeshika karai lenyewe, umenisikia nikilia?"

"Wewe ndiye dume," nikasema. Loo, ulimi wangu! Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Papo hapo akaibandua ile sukari kwa kucha, hata uso hakukunja. Chini yake kiganja kilikuwa cheupe, kikavu. Nikakipaka dawa ya meno, kama mama alivyonifundisha, nikarudi kumbembeleza Wagiyo.

Wagiyo ndiye tuliyempeleka kwa nesi Lastri. Karsidi aliendesha pikipiki, sisi wawili nyuma.

Nesi alimmwagia Wagiyo maji ya bomba kwa muda mrefu, kisha akapabonyeza pale pekundu. Pakapauka, wekundu ukarudi.

"Kelele nyingi, lakini damu inapita. Utapona." Akageuka. "Na wewe, kaka, hiyo dawa ya meno ya nini?"

"Kitu kidogo, dada. Siumwi hata chembe."

Nesi hakucheka. Akakiosha kiganja, akakibonyeza. Kilikuwa cheupe, kikabaki cheupe. Akachukua sindano.

"Fumba macho. Nikikuchoma, sema."

Karsidi akafumba, anatabasamu. Tukangoja.

"Choma basi, dada! Minazi thelathini inaningoja jioni."

"Nimeshachoma mara tatu, kaka. Sukari imeunguza mpaka mishipa ya kuhisi maumivu."

Akafumbua macho. Akakitazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine, halafu akanitazama mimi.

"Tumirah," akaniuliza polepole, "sasa mnazi nitaushika na nini?"

Na mimi, niliyemwita dume, nikakipakata kile kiganja kwa mikono yangu miwili.