Wasomaji wa Kusimama

Kila jioni watu wa kiwandani walipotoka kazini, duka la vitabu la Nyamvula pale Chaani lilijaa wasionunua. Walisoma wamesimama, na mtu akitaka kwenda zake aliacha njiti ya kiberiti kwenye ukurasa aliofikia. Kitabu chenye njiti hakikuuzwa. Ndivyo alivyofanya marehemu Nicanor, mwenye duka wa kwanza, na ndivyo Nyamvula mwenyewe alivyomaliza rafu nzima alipokuwa msichana wa kutumwa sukari akasahau kurudi.

Wengine walikufa hawajamaliza. Hao nao walikuja. Walinuka udongo kidogo, lakini hawakusumbua mtu; wenye kelele walikuwa walio hai.

Mwarandu, mwenye jengo, alipokuja kusema duka amewapa watu wa kamari, Nyamvula hakubishana. Alimwonyesha tu bibi aliyesimama dirishani. Alikuwa Kadzo, mamake Mwarandu, waliyemzika mwaka jana. Aliuza mahamri maisha yake yote, na kusoma alijifunza ukubwani, humo humo dukani.

"Shikamoo, mama," Mwarandu akasema.

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Basi usinizibie mwanga. Nimebakisha kidogo."

Mwarandu akasogea. Nyamvula akashusha pumzi: mwana gani huyo atakayemfukuza mamake? Mwarandu akavua kofia, akangoja kwa adabu mpaka mama alipofunga kitabu, akamshika mkono kumvusha kizingiti. Kisha akatia kufuli jipya.

Vitabu vyote, na njiti zake, viliuzwa kwa wachuuzi wa karanga, wazifungie. Nyamvula alilia wiki nzima, na hata sasa akikumbuka roho humuuma. Anauza viazi karai ng'ambo ya barabara. Dukani vijana hucheza kamari wamekaa, kwa sababu wenye kamari wameweka viti. Wafu husimama ukutani kama kawaida yao, wakiokota tikiti zilizotupwa sakafuni na kuzisoma mbele na nyuma. Hakuna anayewafukuza. Mwarandu akifika, humwamkia mamake kwanza.

Jana Kadzo alivuka barabara na tikiti mkononi.

"Mwanangu, hadithi hii haiendelei. Iliyobaki iko wapi?"

"Ndiyo hiyo tuliyoachiwa, mama," Nyamvula akasema.

Kadzo akaigeuza, akaisoma tena kuanzia juu, kisha akarudi ndani kutafuta nyingine.