Mbegu za Papai na Kondoo wa Wifi

Mama Kondoo hakupewa jina hilo bure. Ukimwuliza habari za nyumbani, alianza na za zizini, mume akafuata baadaye. Basi kondoo wake walipoanza kudhoofika, naye akakonda. Jike mmoja, Malkia, alivimba chini ya taya na kukataa kusimama. Dawa ya minyoo ya siku zote haikufua dafu.

Akampigia simu wifi yake, dada wa mumewe, mtaalamu wa maabara ya mifugo. Wifi alikuja na buti zake, akamfunua Malkia kope. Ndani palikuwa peupe pe.

"Minyoo imemnyonya damu," alisema. "Na imeshaizoea hiyo dawa yako. Kule maabara tunajaribu maji ya mbegu za papai. Kwenye chupa minyoo inakufa. Kwenye kondoo bado hatujui. Siwezi kukuahidi kitu."

"Kaka yako uliniahidi kuwa ni mpole, nikakuamini," alijibu Mama Kondoo. "Hizo mbegu tunazo."

Kweli walikuwa nazo, maana mume aliuza juisi kwenye kibanda kando ya nyumba. Badala ya kuzitupa, sasa alizianika juani. Mawifi wakazisaga kwa blenda yake, wakaziloweka, wakazichuja kwa kitambaa. Waliwanywesha nusu ya kondoo maji hayo; waliobaki wakapewa dawa nyingine aliyokuja nayo wifi. Malkia alitema funda la kwanza la papai kwenye blauzi ya wifi, la pili akalimeza.

Kesho yake mteja mmoja alionja juisi ya embe, akakohoa.

"Leo umeweka nini humu?"

"Samahani, ndugu yangu," mume alijibu. "Blenda haikuoshwa vizuri. Ni dawa ya kondoo."

Mteja akafikiri kidogo, akasogeza glasi. "Basi niongezee."

Siku zikapita. Uvimbe wa Malkia ukanywea, ndani ya kope pakaanza kuwa pekundu. Kondoo wawili hawakupata nafuu kwa papai, wakahamishiwa dawa ile nyingine. Wifi alichukua kinyesi cha Malkia, akamwita Mama Kondoo maabara, akamketisha mbele ya hadubini.

"Tazama. Mwanzoni mayai ya minyoo yalijaa tele hapa."

Mama Kondoo alifumba jicho moja, kisha jingine. "Mbona sioni kitu?"

"Ndiyo furaha yenyewe hiyo, wifi yangu."

Mama Kondoo akamkumbatia na koti lake jeupe, huku mlinzi akichungulia mlangoni kujua kulikoni.

Waliporudi nyumbani walikuta mlango wa zizi umelala chini. Malkia alikuwa anazunguka uani kwa mbio, kipande cha nanasi mdomoni, na mume nyuma yake, aproni imemzunguka hadi mgongoni, akiomba msaada.

Mawifi walitaka kumsaidia. Lakini walikuwa wameshaegemea ukuta, wanacheka hadi machozi, hakuna aliyeweza hata kusimama wima.